Ukuta nilioujenga mwenyewe nusura ututoe kwenye mpango wa mchanga wa pwani

Wakuu, salamu zenu huko mliko.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sehemu ya aibu sitaificha, maana bila hiyo hakuna hadithi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimefanya kazi Lamu, Kitale, Lodwar, hata Mtwara. Kila nikirudi Mombasa nafikia kwa shangazi yangu Kache huku Kisauni, nyumba niliyolelewa.

Nyumba iko karibu na ufuo. Siku hizi iko karibu mno.

Utotoni mwangu palikuwa na minazi mitano kati ya jikoni na maji. Umebaki mmoja, nao mizizi iko nje nje kama mtu aliyekaa vibaya.

Basi chifu akatangaza mkutano wa maoni, public participation. Ati kuna mpango wa kurudisha mchanga ufuoni: unachotwa baharini mbali, unaletwa, unamwagwa pale palipoliwa.

Nikaenda mbio. Nilidhani tutaambiwa mchanga unakuja lini.

Kumbe la. Afisa, dada mmoja mpole mwenye ramani ndefu, akaeleza kwamba kwanza kuna kupanga, na kupanga kwenyewe ni gharama. Wapime mawimbi. Wajue mchanga unakwenda wapi ukiondoka, na ukiletwa mwingine utakaa muda gani. Gharama hiyo wanaibeba wawili, kaunti na serikali kuu. Mmoja asipoweka fungu lake, mwenzake naye haweki.

Nikauliza, "Sasa nani anatangulia?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. "Hilo ndilo tunalolizungumza kila kikao, kaka."

Hapo nikakumbuka harusi za kwetu. Upande wa bwana unangoja upande wa bibi, upande wa bibi unangoja wa bwana, na mchele bado uko dukani.

Nikasogea kuitazama ramani. Mstari wa kijani unaufuata ufuo vizuri, ukifika kwetu unakatika, halafu unaendelea mbele.

"Dada, hapa mbona mmeruka?"

"Hapo hakuna njia ya watu. Pande zote mbili zimeshakubaliana hilo: pesa ya umma itapanga ufuo ambao mwananchi yeyote anaweza kuufikia kwa miguu. Hapo sisi tulikuta ukuta."

Wakuu, ukuta ule niliujenga mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sijaanza kuzurura. Kando ya nyumba palikuwa na kijia cha watu wote kwenda pwani. Shangazi akachoka na wapita njia kumchungulia sufuria. Nikakiziba. Mawe, simiti, kazi safi. Miaka yote hii kila nikirudi safari naupigapiga kwa kiganja na kujisifu.

Dada akaniambia ramani haijafungwa. Kijia kikifunguliwa, chifu akathibitisha ndani ya wiki mbili, wapimaji watatuingiza.

Nikarudi nyumbani. Shangazi alikuwa anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, wanaleta mchanga?"

Nikamweleza yote. Akaacha kukuna.

"Yaani bahari inanijia huku, na wewe unataka watu wanijie kule?"

"Shangazi, bahari haipigi hodi."

"Na Charo je, yeye anapiga hodi?"

Mzee Charo ni jirani wa nyuma yetu, mstaafu wa bandarini. Tangu niliposimamisha ukuta, anazunguka mbali sana kufika ufuoni. Na tangu siku hiyo salamu zake na shangazi ni za mlangoni mwa kanisa tu. Bwana asifiwe, amina, kila mtu na njia yake.

Nikamwambia shangazi, "Nyumba ikienda na maji, ukuta utabaki unalinda nini?"

Akarudi kwenye nazi yake.

Siku ya tatu asubuhi akasema, "Nenda kwa Charo. Mwambie mimi nimesema."

"Umesema nini?"

"Atajua."

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na mtaimbo mpya kabisa.

"Huu niliununua wiki ile ile uliyomaliza ukuta," akasema. "Marehemu mke wangu akanikataza."

Tulivunja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kazi yangu safi ilitutoa jasho.

"Simiti yote hii ya nini, we Karisa? Ulikuwa unamzuia simba?" mzee akaniuliza.

Shangazi akaleta chai na mahamri, akampa mzee kwanza. "Kunywa. Na usinichungulie sufuria."

"Kache, miaka yote hiyo, bado ni mchicha ule ule?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Chifu alikuja, akaandika barua. Wiki iliyofuata wapimaji walipita kwenye kijia na vyombo vyao vya miguu mitatu. Mstari wa kijani haukatiki tena.

Mchanga bado. Kaunti na serikali kuu bado wanatazamana, na mnazi wetu mmoja unazidi kuinama. Nyumba haijapona, ila sasa imo kwenye hesabu ya watu.

Nilichojifunza: nimeilaumu serikali kwa ile bahari miaka mingi, nikiwa nimeuegemea ukuta wangu. Haikunipitia akilini kwamba kuna fungu letu sisi, na kwamba lilitakiwa litangulie.

Siku ile tulipomaliza kuvunja, Mzee Charo alishuka peke yake mpaka kwenye ule mnazi. Akasimama. Nilimsikia akisema, "Kumbe ni karibu hivi."

Mnaojua mambo haya, nifumbueni macho: baada ya kupanga, mchanga wenyewe nao unagawanywa vivyo hivyo? Na ukiondoka tena, nani anarudisha?

Na kama kwenu kuna kijia cha pwani kilichozibwa, kaulizeni kilizibwa na nani, kisha mje mtuambie hapa.