Mnara wa Kamate na Nguo za Mama Mkwe

Kamate alikuwa fundi wa kuchomelea pale Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu mjini Goma, na ubishi wake ulijulikana mpaka Munigi. Volkeno ya 2002 ilipokula karakana yake, majirani walilia. Yeye alisubiri mawe yapoe, akarudi na nyundo, akachimbua mabomba matano yaliyopindika. Miaka kumi, kila alipohama nyumba, aliyabeba. Mkewe Angèle aliyaita wake wenza.

Siku moja aliona kwenye simu ya mteja kijana amesimama juu ya ubao, anavutwa ziwani na boti, kamba imefungwa juu kwenye mnara wa chuma uliosimama kwenye boti hiyo. Usingizi ukamruka. Alikuwa na boti ya faiba aliyoipata imepasuka, akaiziba mwenyewe. Sasa mabomba yalipata kazi: aliyanyoosha, akayachomelea yakawa mnara kama ule.

Hakuita mtu. Alipima mara tatu, akabandika utepe mahali pa kutoboa botini, akazungusha drili kinyume kwanza ili faiba isichanike, kisha mbele, taratibu kama anayemnyoa mtoto mchanga. Chini ya kila mguu wa mnara akaweka bamba la chuma, maana nati ikikazwa kwenye faiba tupu huzama kama kidole kwenye bugali. Akamalizia kwa silikoni ili maji yasipenye, akafunga kamba ndefu juu ya mnara, na ubao aliouchonga akauweka ufukweni.

"Papa Benny," Angèle akamwambia mumewe kwa jina la mtoto wao, "umenijengea fasi ya kuanika manguo. Aksanti."

Kamate alinuna siku mbili. Boti ile ndiyo ilikuwa mali yake yote.

Novemba waasi wakaingia Goma. Asubuhi moja habari zikafika: wanatafuta boti, na huo mnara wameusifia, utabeba bunduki kubwa. Kamate akakimbilia ufukweni. Angèle akachukua beseni la nguo mbichi za mama yake mzazi, akafunga kamba kutoka pua ya boti hadi mnarani na kutoka mnarani hadi mkiani, akaanika zote: vitenge, shimizi, na vile visivyotajwa mbele za watu.

Waasi watatu walifika, hirizi shingoni, wakasimama ghafla. Kuufikia usukani lazima uiname chini ya zile nguo, na mwenye dawa ya vita akipita chini ya nguo ya ndani ya mwanamke, dawa inakufa.

"Mama, utoe izi nguo!" mkubwa wao akafoka.

"Ni za mama yangu, bado zinatoka maji. Utoe weye na mukono yako."

Hakuna aliyegusa. Wakaenda kukaa kibandani kunywa chai, wangoje zikauke.

"Papa Benny, panda tuende," Angèle akanong'ona.

Kamate hakusogea. "Anua kwanza."

"Nikianua wanapanda!"

"Angèle, ile shimizi ni ya mama mukwe. Nitapita namna gani chini yake?"

Aliwaogopa waasi, kweli, lakini hofu ya mama mkwe ilikuwa ya zamani zaidi. Angèle alimtazama, akacheka mpaka machozi, akainama, akawasha moteri. Kamate akaona mali yake yote inaondoka. Akaudaka ubao na ncha ya kamba ya mnarani, akajitupa majini.

Kituku nzima ilimwona akiteleza kwa tumbo juu ya ubao kuelekea kisiwa cha Idjwi, akipiga kelele, shimizi zikipepea mbele yake. Waasi walisimama na bunduki, lakini kicheko kiliwazidi nguvu.

Mnara haukutikisika hata kidogo. Mpaka leo Kamate anasema alipanga kuujaribu mwenyewe kwanza. Angèle habishi, usukani ni wake tangu siku ile.