Digrii Arobaini na Moja

Nilisikia bomba likikohoa kabla sijafungua mlango wa maabara. Lilikuwa limelala likizo nzima, sasa lilitema hewa kwanza, kisha maji.

Ilikuwa Septemba, tumerudi shule. Jaribio lilikuwa jepesi: pima joto la maji ya bomba, yapashe kwa taa ya spiriti, pima tena. Lakini mwalimu wetu wa kemia, aliyeingia Dubai wiki hiyohiyo, alikuwa ametuonya kwamba atakayeshindwa atahamishiwa darasa la biashara. Nami sikutaka kitu kingine duniani ila kemia.

Nilifungua bomba la bluu, la maji baridi, nikakinga maji, nikatumbukiza kipimajoto. Digrii arobaini na moja. Nikaandika.

"Umepima baada ya kuwasha taa," mwalimu alisema nyuma yangu.

"Hapana, Mwalimu. Sijaiwasha bado."

"Maji baridi, arobaini na moja? Tazama wenzako."

Nilitazama. Wote walikuwa wameandika ishirini na tano, kama mfano wa kitabuni. Vipimajoto vyao vilikuwa vikavu.

"Kipimajoto chake kina homa, Mwalimu," alisema mvulana wa meza ya jirani, na darasa likacheka.

Mtaani kwetu Al Mankhool hata mtoto wa chekechea anajua. Matangi yako juu ya paa, jua linayapika mchana kutwa. Ikifika Mei mama huzima hita ya maji, na tangu siku hiyo tunaoga maji ya bomba jekundu, lile la maji moto, maana yamelala ndani, kwenye hita iliyopoa. La bluu linababua. Nilijaribu kuyaeleza haya, maneno yakakanyagana mdomoni.

"Gusa, Mwalimu. Gusa tu."

Hakugusa. Mkononi alikuwa na chupa yake ya maji ya friji.

Kwenye sinki alisimama mama mmoja wa Mombasa, mwosha vyombo vya maabara. Kila kiangazi mikono yake ilikuwa ndani ya maji yale. Nilimgeukia kwa Kiswahili: "Mama, mwambie."

Alipangusa chupa ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Mwanangu, mpe ishirini na tano yake, khalas, yaishe," alininong'oneza. "Viza yangu iko mikononi mwa shule."

Basi nikafuta. Nilifuta hadi karatasi ikatoboka. Kando ya tundu niliandika mbili, na pale palipotakiwa tano mkono ukagoma. Nikaikata ile mbili, nikachukua kalamu ya wino, nikaandika arobaini na moja, kubwa, katikati ya ukurasa.

"Sawa," mwalimu alisema. "Biashara, kuanzia kesho. Unaweza kutoka."

Nilikusanya vitabu vyangu. Nilipofika sinki, yule mama alinifungulia bomba jekundu ninawe wino, bila kunitazama. Maji yalikuwa baridi.

Nikatoka. Mlango ule hujivuta wenyewe, taratibu mno. Nilikuwa nimeshafika ngazini niliposikia ukijifunga.