Maua ya Wifi

Pale karakana walimwita Bi Brashi, maana saa zote utamkuta ameinamia sahani ya kauri, mkono umeegemea kibao, brashi ikizungusha jani. Kazi hiyo aliianza baada ya kuachika. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyepeleka maneno kwamba ana bwana mwingine. Ulikuwa uongo mtupu, lakini mume aliumeza bila kutafuna, na Bi Brashi akarudi kwao na begi moja. Miaka ikapita, chuki haikupita. Dada yake mwenyewe alipomwambia asahau, alijibu kwamba siku akimpata yule mwanamke hatamwacha.

Basi wifi akaja mwenyewe, manukato yakimtangulia mlangoni. Binti yake alikuwa anachumbiwa, wakwe wanakuja kula, akataka seti nzima ya sahani zenye maua mekundu. Alipomtambua mchoraji, alicheka kidogo.

“Kumbe ni wewe, wifi. Afadhali mikono imepata kazi.”

“Karibu, wifi. Zako nitazichora mwenyewe.”

Akazichora vizuri kuliko alivyowahi kuchora. Alisaga unga mwekundu wa kutu ya chuma, usio na sumu, kwa sababu alitaka aibu, si msiba. Akauchanganya na mafuta, akatia ua baada ya ua. Sahani ikishachorwa hivyo lazima irudi tanurini, moto uishikize rangi. Yeye hakuzirudisha. Alizipaka vanishi nyembamba zing'ae, akazifunga vizuri kwenye boksi.

Mchuzi wa moto ulipomiminwa mbele ya wakwe, maua yakang'oka, yakaelea. Baba mkwe alifuta mdomo, kitambaa kikawa chekundu, akadhani anatoka damu. Wifi aliapa kwamba vyombo ni kauri halisi, lakini wageni waliondoka wakinong'ona kuwa wamelishwa kwenye vitu feki.

Kesho yake wifi alifika karakana, boksi mkononi, akisema amesema kweli na hakuna aliyemwamini.

“Inauma, eh?” Bi Brashi akasema. “Mimi naijua.”

Tajiri wa karakana alimfukuza kazi papo hapo. Hakubisha, aliosha brashi zake, akaondoka nazo. Uchumba haukuvunjika, na hilo halikumuudhi, kwani ugomvi wake ulikuwa na mama, si binti. Jioni dada yake alimuuliza kama roho imetulia sasa. Alisema bado kidogo, akaomba aongezewe chai.