Dirisha la Mama Mvua

Usiku ule Mama Mvua hakuzima taa. Aliiweka simu juu ya chungu kilichopinduliwa, katikati ya begonia zake, akaketi kitandani akiitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Mdogo wake alikuwa ameahidi kumpa jibu. Swali lilikuwa moja tu: binti yake Mama Mvua atapita nyumbani kabla ya basi la asubuhi, au ataondoka moja kwa moja?

Binti alikuwa amepata kazi mji wa mbali, safari ya siku nzima. Kwa miezi minne alikuwa akiishi kwa mama yake mdogo, ng'ambo ya soko, na kwa miezi minne hakuwa amekanyaga chumba hiki. Mama Mvua alikuwa na maneno ya kumwambia uso kwa uso. Kwenye simu alishajaribu. Kila alipolifikia neno lenyewe aliishia kuuliza kama wamekula.

Jina la Mama Mvua alipewa na wapangaji wenzake, kwa sababu kila aliyepita mlangoni alimkuta na chupa ya kunyunyizia maji mkononi. Alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye kitalu cha maua, chini ya kivuli cha wavu, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kunyunyiza asubuhi, mchana na jioni. Mwenye kitalu alizoea kusema kwamba mimea ya ndani asili yake ni msituni, ikikosa unyevu inakunja majani kama mtu aliyesikia harufu mbaya. Kitalu kilipohamishwa mbali, yeye alibaki na vipandikizi vichache, akaanza kuotesha chumbani na kuuza maofisini.

Chumba kilikuwa hatua sita kwa tano, mlango mmoja, dirisha moja. Waliishi humo yeye, binti yake na mimea, na mimea ndiyo iliyokuwa na nafasi. Alinyunyiza mara tatu kwa siku, kama alivyofundishwa. Alitundika vitambaa vilivyoloa kwenye kamba juu ya vitanda. Dirisha alilifunga, akaliziba kwa nailoni, unyevu usipotee bure. Kuta zilitoka jasho. Mgeni mwenye miwani alikuwa akiingia anasimama kwanza, anaifuta, ndipo anasalimia. Mlango wa mbao nao ulikunywa maji mpaka ukavimba, ukawa haufunguki bila kunyanyua kitasa na kuupiga bega. Fundi cherehani wa chumba cha pili alisema, "Mama Mvua, kwako mtu haingii. Anazaliwa."

Binti alikuwa mhudumu katika duka la vitambaa. Jioni moja alirudi, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Mama, leo mwenye duka kaniuliza kama nalala ghalani."

"Mwambie unalala bustanini. Wenzio wanalipia."

"Sitanii. Nguo zangu zinanuka ukungu. Fungua dirisha, hata nusu saa. Kule kitaluni hakukuwa na ukuta. Ulikuwa unamwaga maji, upepo unapita unakausha. Humu upepo utoke wapi?"

"Na wewe kitalu umekijulia wapi? Ulikuwa unakuja kula machungwa ya watu tu."

Walicheka wote wawili. Dirisha likabaki limefungwa.

Kisha karani wa ofisi moja kubwa akaagiza begonia arobaini, za kuchukuliwa Jumatatu. Mama Mvua hakuwahi kupata kazi kama ile. Alizipanga zikabanana, chungu kwa chungu, mpaka chini ya meza. Majani ya chini yalipoanza kugeuka manjano alidhani ni kiu, akaongeza maji. Usiku wa kuamkia Jumapili binti alishindwa kulala kwa joto la mvuke. Akabandua nailoni, akafungua dirisha, akalala.

Asubuhi begonia zilikuwa zimelala. Si moja wala mbili. Zaidi ya nusu zilikuwa zimeinamisha shingo juu ya kingo za vyungu. Mama Mvua alilitazama dirisha, akamtazama mwanawe.

"Umenimaliza."

"Nilikuwa sipumui, mama."

"Bora ningepanda maua tu, nisizae."

Hakupaza sauti. Angepaza, labda lingesikika kama hasira, na hasira ina mwisho wake. Alilisema taratibu, kama mtu anayetoa hesabu aliyokwisha kuipiga. Binti alikunja nguo zake, akanyanyua kitasa, akauvuta mlango kwa mikono miwili, akaenda zake.

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini yake hayakungoja mjukuu. Yalifika kabla mwezi haujaisha. Alikuwa ameotesha begonia nyingine, safari hii akaziba dirisha mara mbili, na hata chini ya mlango akaweka tambara. Zikalala vilevile. Aling'oa moja. Shina lake, pale linapokutana na udongo, lilikuwa la kahawia na laini, limeota vinyweleo vya kijivu. Aliifunga kwenye gazeti akapanda magari mawili hadi kitalu kilikohamia.

Mwenye kitalu aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Hii imeozea shingoni."

"Si upepo?"

"Upepo hukausha ncha za majani, dada. Hauozeshi shina. Huu ni ukungu, na ulianza wiki nzima kabla mmea haujaanguka. Dirisha unalifungua?"

"Nalifunga."

"Na maji?"

"Mara tatu. Kama ulivyonifundisha."

Mwenye kitalu aliurudisha mmea kwenye gazeti. "Nilikufundisha ukiwa chini ya wavu," akasema. "Mimi ndani ya nyumba nimekufundisha lini?"

Njia nzima ya kurudi alihesabu. Binti alifungua dirisha usiku mmoja. Yeye alikuwa amelifunga miaka miwili. Zile zilizolala zilikuwa zimekwisha kufa zikiwa bado zimesimama, na yeye ndiye aliyekuwa akizinywesha.

Siku hiyohiyo alibandua nailoni. Vitambaa akavianua. Akapunguza vyungu, akavitenganisha kiganja kizima kati ya kimoja na kingine, hewa ipate pa kupita. Akanunua feni ndogo ya mtumba, akaigeuza itazame ukuta, upepo ugonge hapo na kurudi polepole badala ya kuyapiga majani. Akaanza kumwagilia asubuhi tu, tena baada ya kutia kidole kwenye udongo, ili giza liingie majani yakiwa makavu. Mimea inayopenda unyevu zaidi aliiweka pamoja juu ya sinia la kokoto lenye maji chini yake, vyungu visiguse maji. Kuta zikaacha kutoka jasho. Ilikuwa kazi ya wiki moja, na mtoto alikuwa ameomba dirisha wazi nusu saa tu.

Lakini kumwambia, hakumwambia. Alimpelekea begonia nzuri kupitia kwa mdogo wake. Akapeleka nyingine. Ya tatu ilirudishwa, na mdogo wake aliyeibeba alisema tu, "Dada, mtoto hakudai maua."

Simu aliyokesha akiitazama iliwaka alfajiri. Aliinyakua nusura aangushe chungu.

"Ameondoka sasa hivi na begi lake," mdogo wake alisema.

"Anakuja?"

"Nimemuuliza. Amesema hajui."

"Hajui vipi?"

"Hajui, dada. Hata mimi ningekuwa yeye nisingejua."

Mama Mvua alikunja sweta la binti lililobaki, ambalo alikuwa amelianika juani mara tatu, akalikunjua, akalikunja tena. Nje fundi cherehani alianza kufagia. Ufagio ukasita, sauti ya fundi ikasema, "Karibu, mgeni wetu," kisha ukaendelea.

Hatua zilifika mlangoni zikasimama. Zilisimama muda mrefu. Kisha kitasa kikanyanyuliwa, na bega likapiga mlango kwa nguvu ileile ya zamani. Mlango ulikuwa mwepesi. Ulifunguka wote kwa mara moja, na binti akaingia kwa kujikwaa, akashika ukingo wa meza asiangukie vyungu.

Aliugeukia mlango, akaupapasa.

"Umeupiga randa?"

"Hapana. Nimefungua dirisha."

Binti alilitazama dirisha, akaitazama feni iliyoelekezwa ukutani.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu, mama. Na hukuniambia."

"Niliona haya." Alilikunja sweta tena. "Zile begonia niliziua mimi. Wewe ulifungua dirisha tu. Na lile neno, mwanangu…"

"Nina dakika kumi," binti alisema.

Upepo wa dirishani ulianza kuusukuma mlango nyuma yake. Bila kugeuka, binti alilisogeza begi lake kwa mguu, akaliegemeza pale, usijifunge.