Dansi Iliyokuwa na Meza Katikati

Mimi nilikuwa mkali wa dini kuliko padri wangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana ukali huo ulinigharimu mtu mmoja, na mpaka leo chumbani kwangu Magomeni kuna kiti kimoja tu.

Nilitoka kwetu kusini nikiwa msichana, nimelelewa na masista wa misheni, nikaja Dar es Salaam kufanya kazi kwenye ushirika wa kushona sare za shule, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo. Tulikuwa wanawake tisa wa cherehani na mwanamume mmoja, mkata vitambaa. Mchana nilikuwa na kelele za wachuuzi na redio. Jioni narudi kwenye chumba changu cha kupanga, nafunga mlango, basi. Jumapili ilikuwa inafika magharibi natambua kwamba tangu nitoke misani sijafungua mdomo, isipokuwa kumwamkia mama mwenye nyumba. Upweke ule ulikuwa unauma, nisidanganye.

Nilichokuwa nacho ni chama cha akina dada cha parokia. Kila Jumamosi tulikutana, tukasali rozari, kisha kila mmoja akaeleza kazi ya kitume aliyoifanya wiki ile. Huyu katembelea mgonjwa, yule kafundisha watoto sala. Mimi nilipewa kazi ya kuwafuata Wakatoliki waliosikika wanakwenda kwenye dansi ya mchana, siku ya Jumapili. Niliipenda kazi hiyo, Mungu anisamehe. Katekista alikuwa ametupa kanuni nyepesi: wakicheza bila kugusana ni ngoma, na ngoma haina neno, wakishikana ni dansi, na dansi ni nafasi ya dhambi. Yaani bado hujaanguka, lakini umesimama ukingoni kwa makusudi. Nikabisha hodi kwenye milango ya watu na kanuni yangu hiyo. Hata yule mwenzetu wa kushona vifungo, mama wa watoto watatu, nilimfuata kwake Ilala nikamwambia asithubutu kupokea komunyo mpaka aungame, kwa sababu alicheza na shemeji yake harusini. Alilia. Mimi nikaenda kutoa taarifa chamani kwamba kazi imefanyika.

Sasa huyo mkata vitambaa. Mkatoliki kama mimi, mtu wa Mahenge, kwenye kwaya ya parokia yetu anaimba besi. Mrefu, mpole, na utani usiokwisha. Aliniita Sista.

"Sista, leo umemfungia nani mlango wa mbinguni?"

"Wewe ndiye unayefuata," namjibu.

Yeye dansi aliipenda bila kificho. Jumapili asubuhi kwaya, alasiri dansi, Jumatatu yuko kazini anapiga mluzi. Ilikuwa zamu yake kufuatwa nyumbani na kuonywa. Kila wiki niliahirisha.

Siku moja saa ya chakula, wenzetu wametoka kwenda kula mihogo, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akainama, akachora nyayo sakafuni upande wangu wa meza ya kukatia. Kushoto, kulia, funga, rudi. Kisha akazunguka upande wa pili akachora zake. Meza ile ilikuwa pana. Ukinyoosha mkono humfikii mtu aliye ng'ambo.

"Kanuni yenu inasema wakishikana," akasema. "Hapa nani kamshika nani?"

"Una wazimu wewe."

"Kanyaga ya kwanza."

Nikakanyaga. Yesu na Maria! Redio inapiga rumba, mimi natazama chini nisikosee, na yeye ng'ambo ya meza anahesabu kwa sauti ya chini. Tulicheza hivyo mwezi mzima, dakika kumi kumi, halafu tunafuta nyayo kwa viatu kabla wenzetu hawajarudi. Hakunigusa hata kidole. Lakini sijawahi kuwa karibu na mtu namna ile, si kabla, si baada. Jioni nikifika chumbani nazirudia zile hatua peke yangu, komeo nimetia, mpaka mama mwenye nyumba anauliza kutoka ukumbini, "We binti, unatwanga nini humo?"

Ndipo ikatangazwa sherehe ya wafanyakazi, Jumamosi alasiri, uani, na bendi ndogo itapiga. Akaja kwenye cherehani yangu. Safari hiyo hakutania.

"Siku hiyo tuitoe meza," akasema. "Ukikubali kucheza nami mbele za watu, nitajua cha kuwaandikia wazazi wangu."

Kwetu barua ya namna hiyo huwa na maana moja. Nilishona mkono wa shati kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Jumamosi iliyotangulia sherehe nikaenda kuungama. Padri wetu alikuwa Mzungu mzee aliyejua Kiswahili kunishinda. Nikamwambia nimecheza dansi na mwanamume, meza ikiwa katikati.

Akakohoa. Leo naamini alikuwa anacheka.

"Meza?"

"Meza, Baba."

"Unampenda?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. "Ndiyo, Baba."

"Basi sikiliza, mwanangu. Kucheza kwenyewe si dhambi. Dhambi ni nia mbaya na uchezaji usio na adabu. Nia yako unaijua, na hapo ni mchana kweupe mbele za watu. Nenda ukacheze, kwa heshima."

Utadhani nilitoka nikirukaruka. Thubutu! Nilitoka nimekasirika. Nikajiambia tangu ule Mtaguso wa maaskofu kule Vatikano mapadri wetu wamelegea, wameruhusu ngoma kanisani, sasa hata dansi. Kama dansi si dhambi, machozi ya yule mama wa vifungo yalikuwa ya nini? Na milango yote ile niliyobisha hodi? Ilikuwa rahisi kwangu padri awe amekosea kuliko mimi niwe nimekosea.

Siku ya sherehe nilivaa gauni la bluu nililolishona mwenyewe. Bendi ikaanza. Akavuka uwanja mzima, shati jeupe limepigwa pasi, watu wanamtazama, akasimama mbele yangu akanyoosha mkono.

"Twende," akasema.

Miguu ilikuwa inajua. Ningesimama tu, ingejiendea. Lakini pembeni yangu alikaa mama wa vifungo na chupa ya soda mkononi, ameacha kunywa, ananitazama. Hakuwa na uso wa ubaya. Alikuwa anangoja kuona.

"Siwezi," nikasema. "Padri amenikataza."

"Lini?"

"Kwenye kitubio."

Akanitazama, mkono bado umenyooshwa. Halafu akaushusha.

"Haya," akasema.

Hakucheza na mtu mwingine. Aliondoka kabla pilau haijapakuliwa.

Jumatatu tukazungumza habari za kaki na vifungo. Jumanne vilevile. Saa ya chakula akawa anatoka na wengine, mimi nabaki na redio. Nilingoja anitanie, hata anitukane ingekuwa afadhali. Baada ya miezi miwili akahamia karakana nyingine, Keko. Mkata vitambaa mpya alikuwa mzee mmoja mkimya. Nikawa nakwenda kazini, narudi, nafunga mlango.

Mwaka haujaisha, katekista akasimama misani kusoma matangazo ya ndoa. Nikasikia jina lake na la msichana wa kwao. Tangazo la kwanza. Kwetu husomwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Sikumbuki misa ile iliishaje.

Nikaenda kuungama uwongo wangu. Safari hii padri hakukohoa. Malipizi aliyonipa yakawa jambo moja: niende nikamwambie kijana yule ukweli.

"Si kwa ajili ya kumrudisha," akasema. "Ni kwa sababu ulimnyima ukweli."

Niliahirisha, kama kawaida yangu. Tangazo la pili likasomwa. Alasiri ya siku hiyo nikaenda Keko, nikamkuta barazani anapiga nguo pasi. Sikutaka hata kukaa. Nikasema yote mara moja, kabla mdomo haujawa mzito: kwamba padri hakunikataza, kwamba aliniruhusu, kwamba nilimsingizia.

Aliendelea kupiga pasi. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikwenda kumwuliza mwenyewe, nyumbani kwa mapadri, kabla hata sijakwambia habari ya sherehe. Sikutaka nikuingize dhambini. Akaniambia hakuna neno. Sikukuambia, nilitaka uamue mwenyewe. Sasa padri yuleyule anikubalie mimi, halafu jambo lilelile akukataze wewe?" Akageuza shati. "Nikaelewa hunitaki. Nikaona umeona heri umsingizie padri kuliko kunikatalia usoni."

Miezi yote ile mimi nalia chumbani, na yeye huko anaamini nilimdharau.

"Nilikutaka," nikasema. "Nilikutaka sana."

Akaiweka pasi chini. Alitazama mikono yake, akatazama njia, kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote.

"Tangazo la tatu ni Jumapili," akasema.

Jumapili nilikwenda. Katekista akasoma majina yao kwa mara ya mwisho, akasema mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii ana wajibu wa kusema. Kanisa likanyamaza kidogo, kama linavyonyamaza siku zote. Sikuwa na kizuizi cha kutaja. Nilimpenda tu, na hilo halizuii ndoa ya mtu.