Jumamosi Niliyojigamba kwa Ruhusa ya Mwalimu

Watu husema fasihi ni rahisi, eti ni hadithi tu. Thubutu! Waulize waliorudi darasani wakiwa na miaka arubaini na miwili, baada ya wiki nzima ya kuuza magauni ya mitumba katika soko la Kibuye. Nilitaka kufundisha chekechea, na chuo kiliniambia waziwazi kwamba bila cheti cha kidato cha nne nisijisumbue. Basi kila Jumamosi nikawa namwachia dada yangu meza, naenda darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa.

Nilisoma, wacha mchezo. Tashbihi hufananisha kwa "kama", sitiari haizunguki, takriri ni kurudiarudia, chuku ni kutia chumvi kupita kiasi. Nilizikariri nikikunja nguo, wateja wakadhani nasali.

Mada moja tu niliiruka makusudi: majigambo, tungo za mtu kujisifu. Kwetu watu hujigamba kwenye sherehe nyatiti, ala yetu ya nyuzi, ikipigwa. Mtu humnyamazisha mpigaji, akajimwagia sifa, umati ukashangilia, kisha nyuzi zikaendelea. Mama yangu, mlokole kamili, alitufukuza huko kila mara, akisema kiburi ni dhambi. Mimi nami ni mama wa kanisa. Nikauacha ukurasa huo mtupu.

Mwezi wa kusajili watahiniwa ulipofika, mwalimu wetu, kijana mpole wa sura kutoka Murang'a, alitupa jaribio la mdomo. Kila mtu angeokota kikaratasi na kutoa utungo uliotajwa humo. Atakayeshindwa hasajiliwi, atangoja mwaka mwingine. Nikaokota changu, nikafungua. Majigambo! Lo, ukurasa ule ule mtupu!

Nilisimama mbele, nikakisoma kikaratasi kwa sauti.

"Woi, mama atajigamba na nini?" akasema msusi mmoja aliyeketi mbele. "Na sidiria za mitumba?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hapo hasira zikanipanda, na Mungu anisamehe, ulokole nikauweka kando kidogo. Nikanyoosha mkono juu.

"Mimi ndimi, nyar nam, binti wa ziwa!
Mimi niwaamshaye jogoo wa Kibuye!
Nifunguapo mtumba, mji mzima hukanyagana!
Gauni nilishikalo hurudi kuwa jipya!
Mimi ndimi, nimezaa watatu, na mzigo bado u kichwani!"

Kisha nikanyamaza, mkono ungali juu.

"Umesahau, Mama?" mwalimu akauliza, kalamu tayari kunikata alama.

"Sijasahau, Mwalimu. Hapo nyatiti inaingia."

Hakunielewa; kwao Murang'a hakuna nyatiti. Lakini mzee mmoja mvuvi, mwanafunzi mwenzetu wa nyuma kabisa, alinielewa vizuri mno. Akaanza kugonga dawati kwa vidole, na akina mama wawili wakapiga vigelegele. Wacha wee! Nikaendelea beti tatu nzima, kila nikinyamaza dawati linajibu, hata msusi mwenyewe akawa anapiga makofi. Sijawahi kufurahi hivyo mbele za watu, hata siku ya harusi yangu.

Mwalimu alitusubiri tutulie, ndipo akaanza kunichimba. Chuku iko wapi? Nikamwonyesha: jogoo niwaamshao. Takriri? "Mimi ndimi." Akakuna kidevu.

"Na nafsineni, yaani anayezungumza katika utungo huu, ni nani?"

Mtego huo! Mwaka mzima alikuwa akitugombeza tusimchanganye mtunzi na nafsineni: anayelia ndani ya shairi si lazima awe aliyeliandika. Wenzangu wakanikonyeza nijibu, "Ni mfanyabiashara fulani." Nikafikiri, nikaona la. Mtu hamwombi jirani amtungie sifa zake, wala hasimami kujigamba kwa niaba ya mwingine.

"Nafsineni ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Hapa mtunzi, msemaji na msifiwa ni mtu mmoja. Bila hivyo hayawi majigambo."

Akatia vema kwenye karatasi yake. Kisha akatabasamu, akalivuta daftari la usajili.

"Taja jina lako lote, Mama, kama unavyotaka liandikwe kwenye cheti."

Nililitaja kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.