Kisanduku cha Taa Nne

Nina diploma ya umeme kutoka Ujerumani, na hapa Ilomba nzima hakuna mwingine aliye nayo. Hata hivyo, tangu nirudi hakuna aliyenigongea mlango. Basi nikaunda mchezo wa watu wawili: kisanduku cha betri chenye taa nne, na kila mchezaji ana vifungo vinne vya kubonyeza. Taa ikiwaka, anayewahi kubonyeza ndiye mshindi.

Aliyekuja ni mmoja tu, jirani yangu Ambakisye, msuka vikapu, kipofu tangu utotoni. Kwa ajili yake nikaipa kila taa kengele ya mlio wake. Tangu hapo akawa ananishinda kila jioni, huku akicheka.

Jumapili nilikibeba kisanduku hadi uwanja wa kanisa, nikatangaza kwamba mimi fundi nimewawezesha vipofu kucheza na wenye macho. Akanishinda mara kumi mfululizo. Hasira zikanipanda.

"Huyu anaona!" nikasema. Nikavua skafu yangu ya Ulaya, nikamfunga machoni, nikaikaza.

Kisha mama mmoja akauliza, "Sasa baba, umemfunga kipofu asione nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ambakisye hakucheka.

"Bwana Diploma," alisema, "humo ndani mna kitu kinalia tik kabla ya kengele na taa. Nilidhani nawe unakisikia."

Ilikuwa swichi niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Akapapasa fimbo yake, akaenda zake na skafu yangu machoni. Nikabaki na mchezo wa watu wawili.